Mbele inagoma, nyuma inateleza: kwa nini stebilaiza mpya haikuitibu Impreza yako

Swali la msomaji: "Salamu fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, gia za mkono. Naitumia kila siku kwenda kazini Nairobi, na kila baada ya miezi miwili hivi naipeleka kwenye uwanja wa lami kule Athi River. Shida ilianzia kwenye kona za polepole: nakata steringi, pua inakataa, gari linaendelea mbele. Nikashauriwa nibadilishe stebilaiza ya nyuma, nikatoa ya milimita 20 nikafunga ya 24. Kona za polepole zimebadilika kidogo tu. Lakini kwenye kona ya kasi niliogopa, nikaachia mafuta, mkia ukatoka, nikazunguka mara moja na nusu hadi kwenye nyasi. Matairi ya mbele ni mapya, ya nyuma ni yale niliyoyakuta kwenye gari nilipolinunua. Je, nifunge na ya mbele iliyo ngumu ili zilingane?"

Ndugu yangu, nashukuru kwamba uliishia kwenye nyasi na si kwenye ukuta. Jibu fupi ni hili: rudisha ile stebilaiza ya milimita 20 (kile chuma kinachounganisha sasipensheni ya kushoto na ya kulia ili gari lisilale sana konani), ya mbele usiiguse kwa sasa, na usirudi uwanjani na hayo matairi ya nyuma. Sasa nikueleze sababu, maana ukiifuata hesabu yenyewe hutahitaji kumwuliza mtu tena utakapobadilisha kitu kingine.

Umewahi kuwatazama wachukuzi pale soko la Marikiti alfajiri, lori la viazi linaposhusha? Wape wawili gunia moja moja, watapita kwenye matope bila kuyumba. Mpe mmoja magunia yote mawili, mwenzake atembee mikono mitupu, uone miguu ya yule wa kwanza itakavyoteleza. Mzigo ni uleule na miguu ni ileile minne, ila kazi imepungua. Tairi nalo ni hivyo hivyo. Ukiliongezea mzigo mshiko wake unaongezeka, lakini hauongezeki kwa kiwango cha mzigo. Ukilibebesha mara mbili, linakupa pungufu ya mara mbili. Kwa sababu hiyo ekseli ambayo matairi yake mawili yanagawana mzigo karibu sawa hushika vizuri kuliko ekseli ambayo tairi moja linabeba karibu kila kitu na jingine linapapasa lami. Karibu kila kitu tunachofanya chini ya gari kwa ajili ya kusawazisha mbele na nyuma kinazunguka hapo.

Tulichukue gari lako, wewe ukiwa ndani na tangi likiwa nusu, tuseme kilo 1,450. Injini ya Subaru imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo karibu asilimia 60 ya uzito iko mbele: kilo 870, na nyuma 580. Gari likiwa limesimama, kila tairi la mbele linabeba kilo 435 na kila la nyuma 290.

Sasa ingia kwenye kona kwa bidii, gari likisukumwa pembeni kwa nguvu inayofikia 0.9 ya uzito wake. Uzito unahama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Kiasi kinachohama unakipata kwa kuzidisha uzito wa gari, ile 0.9, na kimo cha kitovu cha uzito kutoka chini, kisha unagawanya kwa upana kati ya tairi la kushoto na la kulia. Tuweke kimo nusu mita na upana mita 1.48. Inatoka karibu kilo 440.

Hizo kilo 440 hazipunguzwi na stebilaiza yoyote duniani, iwe nene au nyembamba, na hapa ndipo wengi wanapotea. Gari lenye stebilaiza ngumu linalala kidogo konani, dereva anajisikia imara, anaamini uzito umeacha kuhama. Umehama vilevile. Stebilaiza inaamua tu ni ekseli ipi itakayobeba sehemu kubwa ya uhamaji huo: ile ngumu zaidi ndiyo inayobeba.

Tuseme kabla hujabadilisha, mbele ilikuwa inabeba asilimia 55 ya uhamaji, yaani kilo 242, na nyuma 198. Tairi la mbele la nje lilikuwa na kilo 677 na la ndani 193. Nyuma, la nje 488 na la ndani 92. Ukafunga chuma kipya. Ugumu wa chuma cha namna hii, kama hakina tundu katikati, hukua kwa unene wake kuzidishwa wenyewe mara nne. Kutoka 20 hadi 24 ni mara 1.2, na 1.2 ukiizidisha yenyewe mara nne unapata 2.07. Ulidhani umeongeza milimita nne, kumbe umeongeza ugumu zaidi ya mara mbili. Tuseme hilo limehamisha sehemu moja tu ya kumi ya uhamaji kutoka mbele kwenda nyuma. Mbele sasa ni 633 nje na 237 ndani, wamegawana afadhali kidogo, na ndiyo maana ulihisi mabadiliko madogo kwenye pua. Nyuma ni 532 nje na 48 ndani.

Tazama hiyo 48. Ndiyo iliyokuzungusha.

Ulipoogopa ukaachia mafuta, injini ilianza kulivuta gari kama breki. Hata likipunguza mwendo kwa 0.2 tu ya nguvu ya uzito wake, kilo 57 hivi zinaondoka nyuma kwenda mbele. Zigawe kwa matairi mawili ya nyuma, kila moja linapoteza karibu 28. Tairi lako la ndani la nyuma likabaki na kilo 20, uzito wa ndoo moja ya maji. Ekseli nzima ya nyuma ikawa inategemea tairi moja la nje, na hilo tairi, kwa maneno yako mwenyewe, lilikuja na gari. Wakati huohuo mbele iliongezewa uzito, ikashika ghafla, na steringi ulikuwa bado umeikata. Pua ikaingia ndani, mkia ukatoka. Mikono yako haikuwa na nafasi ya kuliokoa gari hilo, usijilaumu kwa hilo.

Kwa hiyo mimi naiona dawa uliyopewa hivi: gari lilikuwa na mbele dhaifu na nyuma nzuri, fundi akaidhoofisha nyuma hadi ikakaribia mbele. Zikalingana, ndiyo, lakini zililinganishwa kwa kushusha. Kuna magari ambayo njia hiyo inafaa, na hata kwako huenda tukarudi kwenye stebilaiza baadaye. Lakini unaanza kwa kuulisha upande wenye njaa. Kunyang'anya ulioshiba ni hatua ya mwisho. Ukiniuliza ufunge na ya mbele iliyo ngumu, unaniuliza turudishe tatizo la kwanza juu ya gari ambalo sasa linadunda kwenye kila tuta.

Njaa ya mbele yako iko wapi basi? Chukua chaki ya kawaida ya shuleni. Kabla ya kuingia uwanjani, chora mistari mitatu kwenye kila tairi la mbele, kuanzia kwenye meno ya kukanyagia, upite juu ya bega, hadi kwenye ubavu panapoandikwa jina la tairi. Piga raundi tatu za nguvu, rudi, chuchumaa uangalie. Nimelifanya hili kwa Impreza nyingi zenye vipimo vya kiwandani na picha ni moja: chaki imefutika bega lote na imeingia ubavuni upana wa kidole, huku upande wa ndani wa tairi ukiwa bado unang'aa. Ukipitisha kiganja juu ya meno, ukingo wa nje umejikunja, una makali kama msumeno, na ndani ni laini. Tairi linakimbilia ukingo. Umelipia upana wa milimita 205 au 215, unatumia theluthi mbili.

Hiyo inatokana na aina ya sasipensheni iliyo mbele ya gari lako, ile ambayo shokabu yenyewe ndiyo mguu unaobeba habu, pale gurudumu linapofungwa. Gari linapolala konani, tairi la nje linalala nalo kuelekea nje, na sasipensheni hii hailisimamishi vya kutosha. Kinachosaidia ni kuliinamisha tairi kwa ndani tangu mwanzo, ili likilala liwe wima. Mafundi wa alaimenti wanaita kemba. Kiwandani waliweka ndogo sana kwa sababu gari la kawaida linatakiwa likatae pua: dereva wa barabarani akiogopa, anakanyaga breki, gari linanyooka. Kwa uwanja, mimi ningekupa nyuzi 2.5 za kuinama kwa ndani mbele na 1.5 hadi 2 nyuma. Bolti ya juu kati ya zile mbili zinazofunga shokabu na habu ni ya kuzungusha, imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, ingawa yenyewe haikufikishi mbali. Ukiongeza bolti maalumu za kemba, unapata nyuzi moja hivi zaidi bila kununua kitu kikubwa. Kisha mwambie fundi aunyooshe uelekeo wa matairi ya mbele uwe sifuri, yaani yatazame mbele sawasawa bila kuelekeana wala kuachana, maana kemba ikibadilika uelekeo nao unahama, na wengi wanasahau. Nyuma acha matairi yaelekeane kidogo sana kwa ndani. Hilo linautuliza mkia.

Kwa kuwa gari hilohilo ndilo linalokupeleka kazini, ujue kwamba matairi ya mbele yatalika kwa ndani mapema zaidi. Mimi naona ni bei ya haki. Wewe ndiye utakayeilipa, uamue mwenyewe.

Kuna jambo moja hukuniambia, na Nairobi hii lazima niulize: gari lako lina spesa, vile vipande vinavyofungwa juu ya shokabu ili kulinyanyua? Wengi wetu tumenyanyua Impreza zetu ili zisigonge matuta na mashimo. Ukilinyanyua kwa sentimita tatu, kimo cha kitovu cha uzito kinapanda kutoka mita 0.50 hadi 0.53, na zile kilo 440 zinakuwa karibu 467. Kemba nayo inarudi upande mbaya. Huwezi kutafuta mshiko kwa stebilaiza huku umekalia spesa. Zitoe kwanza.

Kuhusu matairi nitakuwa mkali kidogo, na naomba unisamehe. Angalia ubavuni penye herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba ikizeeka inakauka, na meno yanaweza kuwa mengi huku mshiko ukiwa umekwisha. Kuweka mapya mbele na ya zamani nyuma ni kulitengeneza gari lizunguke, hata bila stebilaiza ya 24. Ukilazimika kununua mawili tu, mapya yanakwenda nyuma. Lakini kwako hata hiyo haitoshi, kwa sababu gari lako linavuta kwa matairi yote manne na lina difu ya kati, ile inayogawa nguvu ya injini kati ya mbele na nyuma. Subaru wenyewe wanataka mzunguko wa tairi moja na jingine usipishane zaidi ya milimita 6 hivi, la sivyo hiyo difu inafanya kazi muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka, na inaungua. Nunua manne, aina moja, siku moja. Fedha ya ile stebilaiza ingekuwa imelipia karibu tairi moja.

Kisha upepo. Usipime asubuhi nyumbani ukasema umemaliza, kwa sababu tairi likichemka upepo unapanda. Anza na PSI 30 mbele na 28 nyuma yakiwa baridi, piga raundi zako, rudi upime papo hapo kabla halijapoa. Kwa matairi ya barabarani kwenye gari zito mbele kama hili, mimi hupenda kuona 36 hivi mbele na 34 nyuma yakiwa moto. Chaki itakusaidia hapa pia: ikifutika mpaka ubavuni, ongeza PSI 2. Ikibaki kwenye bega lenyewe, punguza. Badiliko la PSI 2 kwenye ekseli moja unalihisi kabisa kwenye steringi, na halikugharimu hata shilingi.

Sasa tuje kwako wewe, maana nusu ya ugonjwa wa kona za polepole haiko kwenye gari. Pua inapokataa, niambie inakataa wapi: unapoingia, katikati, au unapotoka? Hayo ni magonjwa matatu na kila moja lina dawa yake.

Ikikataa unapoingia, mara nyingi umefunga breki mapema, ukaziachia kabisa, kisha ndipo ukakata steringi. Ulipoachia breki uzito ulirudi nyuma na pua ikabaki nyepesi. Jaribu kuziachia pole pole huku unakata, mguu ukinyanyuka kadiri mkono unavyozunguka, ili uzito ubaki juu ya matairi ya mbele mpaka gari limegeuka. Ikikataa katikati, wakati hukanyagi breki wala mafuta, hapo ndipo kemba, upepo, springi na stebilaiza vinapohusika. Na ikikataa unapotoka, tazama mguu wako wa kulia. Difu ya kati ya WRX ya gia za mkono inagawa nguvu nusu kwa nusu. Ukikanyaga mapema, unayaambia matairi ya mbele yavute na yageuze gari kwa wakati mmoja, na mchukuzi uliyemwambia apande ngazi na gunia begani usimwongezee mwendo. Subiri hadi uanze kuunyoosha steringi, ndipo ukanyage.

Nilikaa kiti cha abiria na kijana mmoja mwenye shida kama yako. Alikuwa anauzungusha steringi mpaka mikono inapishana, kisha anauzungusha tena kwa sababu gari halikuitikia. Tairi likishapita pembe linaloiweza, kuongeza steringi kunapunguza mshiko. Nikamwambia arudishe mikono kidogo, upana wa vidole viwili tu. Pua ikashika hapo hapo, tukasikia tairi likibadilisha sauti kutoka kilio kirefu hadi mngurumo mdogo. Hatukufungua bolti hata moja siku hiyo.

Kuhusu bawa la nyuma, ambalo najua utashauriwa baada ya kuzunguka: achana nalo. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwa kilomita 80 kwa saa unapata robo tu ya unachopata kwa 160. Athi River iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwenye uwanja mfupi kama ule, bawa litakuongezea uzito kwenye buti.

Kushughulikia ekseli moja kwa kuigusa nyingine si kosa la gereji zetu peke yake. Porsche 911 za miaka ya 1960, zenye injini nyuma kabisa, zilikuwa maarufu kwa mkia kutoka dereva anapoachia mafuta konani, kama wewe. Kwa muda Porsche waliweka vipande vizito vya chuma ndani ya bampa la mbele. Dawa ya kweli ilikuja na magari ya mwaka 1969, walipoisogeza ekseli ya nyuma kwa milimita 57, wakarefusha umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Wewe huwezi kusogeza ekseli ya Impreza, lakini unaweza kuliamsha tairi la mbele ambalo sasa linafanya kazi kwa theluthi mbili.

Utaratibu wangu kwako ni huu. Kwanza liweke gari juu ya jeki na utikise: bushi za mikono ya sasipensheni ya nyuma, boli jointi, linki za stebilaiza, beringi za magurudumu. Barabara zetu zinaua bushi kimyakimya, na bushi ya nyuma iliyochoka inaligeuza tairi lenyewe unapoachia mafuta. Ukikuta hata moja imechezacheza, hapo hapo una sababu nyingine ya ule mzunguko. Kisha matairi manne, stebilaiza ya 20 irudi, kemba na uelekeo, upepo. Uwe na daftari ndani ya gari, na ubadilishe kitu kimoja kwa kila kutoka. Ukibadilisha viwili na gari likapendeza, hujui kipi kilichofanya kazi, na kimojawapo huenda kinakuharibia bila wewe kujua.

Ile ya 24 iuze. Ikiwa baada ya haya yote pua bado inakataa katikati ya kona, tutazungumza kuhusu ya 22, ambayo ni ngumu kuliko ya kwako ya awali kwa asilimia 46. Niandikie upepo wa moto wa kila tairi, chaki ilifika wapi, na kona gani inakusumbua na mahali gani ndani ya hiyo kona. Hapo nitakujibu kwa uhakika.